HAKI ZA WATOTO: SHERIA TUNAYO, MTEKELEZAJI YUKO WAPI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee wetu. Twaichapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika.)



Tumeombwa tuseme juu ya haki za watoto, nasi twajua ya kuwa wako waliokuja leo wakitaraji kusikia habari za uchaguzi. Hao watatusamehe. Habari za uchaguzi zina siku zake na hazikosi wasemaji. Habari ya mtoto, kwa kuwa mtoto hana kura, mara nyingi hubaki chini ya karatasi, pale palipobaki nafasi baada ya matangazo ya mikutano. Leo tumeiweka juu.

Kwanza tumpe haki mwenye haki. Sisi ni watu wa upinzani, lakini mpinzani hakuwekwa duniani ili akanushe kila kitu. Mwaka 2011 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, nambari 6 ya mwaka huo. Zilikuwa siku za mwanzo za Serikali ya Umoja wa Kitaifa, vyama viwili vilivyokuwa vikitazamana kwa husuma vikakaa meza moja, na katika mambo waliyoyafanya pamoja hili lilikuwa moja katika yaliyo bora. Twasema hivi bila ya kumung'unya maneno: sheria ile ilikuwa njema. Ilisema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Ilisema kila linaloamuliwa juu yake liangalie kwanza maslahi yake, na yeye mwenyewe asikilizwe kwa kadiri ya umri na akili yake. Iliweka Mahakama ya Watoto. Ilizikusanya pamoja habari za malezi, matunzo, ulinzi na makosa ya watoto, ambazo zamani zilitawanyika katika dikrii za zama za himaya ya Waingereza. Na kabla haijaandikwa, watoto wenyewe waliulizwa, jambo ambalo si la kawaida katika utungaji wa sheria, hapa wala kwengineko.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2015, huko Geneva, sheria hii ilipewa nishani ya dhahabu na World Future Council, taasisi yenye makao yake Hamburg, ikishirikiana na Umoja wa Mabunge ya Dunia na UNICEF. Sheria za nchi mbali mbali zilishindanishwa, na ya visiwa vyetu hivi vidogo ikatoka mbele. Tulifurahi. Nani asiyefurahi nchi yake ikisifiwa? Lakini nishani hupewa karatasi, na mtoto hakai ndani ya karatasi. Yeye hukaa Kojani, na Makunduchi, na Ng'ambo, na Micheweni, na huko ndiko tutakakokwenda kuiuliza sheria khabari zake.

Kabla ya kwenda huko, liko neno moja twataka kuliondoa njiani. Wako ndugu zetu, na wengine ni watu wa elimu, wasemao ya kuwa haki za watoto ni mambo ya kizungu tuliyoletewa kwa meli. Twawajibu kwa adabu. Hao Wazungu wenyewe hawakuzaliwa nayo. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukataza kuwatesa ng'ombe na farasi mwaka 1822, na sheria ya kukataza kuwatesa watoto likaipitisha mwaka 1889. Hesabuni: miaka 67 punda wa London alikuwa na sheria yake, na mtoto hana. Basi wasituambie ya kuwa walitangulia kwa huruma, wala sisi tusijidanganye ya kuwa huruma ni mali yao.

Na katika sheria yetu ya 2011 limo jambo ambalo halikutoka London wala Geneva, nalo ni kafala. Dini yetu haikubali mtoto wa kulea avuliwe nasaba yake akabandikwa nyingine, lakini yatuamrisha tumlee yatima. Watunga sheria wetu wakaiandika kafala ndani ya sheria, ili anayemchukua mtoto kumlea achunguzwe na ajulikane, asije akajifanya mlezi kumbe ametafuta mtumishi asiyelipwa. Hata Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto ya mwaka 1989, ambayo Tanzania iliyakubali mwaka 1991, yameitaja kafala kwa jina lake hilo hilo la Kiarabu katika kifungu cha 20. Hivyo neno letu lilifika katika kitabu chao kabla hata hatujaandika kitabu chetu.

Sasa tuje kwenye shina la maneno yetu.

Kisiwa hiki kina mazoea ya zamani na sheria nzuri zisizomfikia aliyekusudiwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed alitia saini dikrii ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba. Wengi hudhani ya kuwa asubuhi yake watumwa waliamka huru. La. Dikrii ile haikumwacha mtu huru, bali ilimruhusu kuomba uhuru. Ilimpasa mtumwa atoke shambani kwa bwana wake, aende kortini kwa miguu yake, asimame mbele ya mkubwa wa korti aombe, kisha aonyeshe ya kuwa ana pa kukaa na cha kula, la sivyo akahesabiwa mzururaji. Masuria hawakuwamo kabisa, nao wakangoja mpaka mwaka 1909. Basi wengi hawakwenda. Si kwamba walipenda utumwa. Njia ya kutoka pale walipo mpaka kwenye meza ya korti ilikuwa ndefu kuliko dikrii yenyewe ilivyojua.

Twaomba mfano huu muuweke mbele yenu, kwani sheria ya mtoto nayo ina njia kama hiyo. Haki imewekwa kortini, na mtoto yuko nyumbani. Baina ya nyumba na korti ipo milango, na kila mlango una mtu aliyekaa, na kila mtu ana sababu ya kusema, "Hebu tulimalize wenyewe."

Natumfuate mtoto mmoja kwa mawazo, hatumtaji jina wala mtaa, kwani yuko katika kila mtaa. Ni msichana wa miaka 11. Mama amegundua jambo. Aliyelitenda si mgeni aliyeshuka kwa meli, ni mtu anayejulikana: mjomba, jirani, pengine mtu anayeheshimiwa, ambaye watoto wa mtaa mzima wamepita mikononi mwake. Mlango wa kwanza ni wa nyumba yenyewe. Hapo husimama muhali. Sisi watu wa visiwa hatuhitaji kufasiriwa neno hili. Muhali ndio uliotufanya tukae pamoja kwa amani miaka mingi. Muhali ndio humzuia mtu kumdai mwenziwe siku ya msiba. Lakini muhali huo huo ukiingia katika jambo kama hili huwa ni mkono juu ya mdomo wa mtoto. Bibi husema, "Utaivunja ukoo." Baba husema, "Nani atamwoa?" Na mtoto, ambaye sheria imesema asikilizwe, hakuna aliyemuuliza.

Akipita mlango huo, hufika kwa sheha. Twawaheshimu masheha, na wako waliofanya kazi hii kwa uaminifu mkubwa. Lakini sheha ni mtu wa mtaa, anakula kwenye harusi za pande zote mbili, na amezoea kusuluhisha. Ugomvi wa mpaka wa shamba ataumaliza kwa chai. Mbuzi aliyekula mihogo ya watu ataumaliza kwa radhi. Naye huchukua chombo hicho hicho alichokizoea akakitia katika jambo lisilostahiki suluhu: mtendaji huombwa atoe fedha kidogo, au ahame kijiji, au, na hili ndilo baya kuliko yote, aambiwe amwoe yule aliyemdhulumu. Watu hupeana mikono na Fatiha husomwa. Mtoto hubaki na alichonacho.

Akipita huko pia, ipo polisi, lipo dawati la jinsia na watoto, ipo fomu ya daktari, ipo hospitali. Hapa Serikali ilifanya jema: iliweka vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na mshauri huwa mahali pamoja ili mtoto asirudie hadithi yake mara nne mbele ya watu wanne. Ni fikra ya akili na ya rehema. Lakini tazameni ramani. Vituo huwa katika hospitali, na mtoto wetu pengine yuko ng'ambo ya maji. Atokaye Kojani hupanda chombo kwanza, kisha gari. Atokaye Tumbatu vivyo hivyo. Ushahidi wa mwilini haungoji bamvua. Na nauli ya mama na mtoto, kwenda na kurudi, ni kitoweo cha siku kadhaa kwa mtu anayeuza mwani.

Halafu ndiyo korti. Kesi huitwa leo, ikaahirishwa. Ikaitwa tena, shahidi hakufika. Ikaitwa mara ya tatu, mama mwenyewe amekwisha kukubaliana na watu. Hakimu afanye nini? Hawezi kumfunga mtu bila ya ushahidi, wala hatutaki korti zifunge watu bila ya ushahidi. Jambo hilo wapinzani tunalijua uchungu wake. Kesi hufutwa. Mtuhumiwa hurudi mtaani siku ile ile, na watoto wengine wote humwona akirudi.

Mtatuambia: je, hakuna hesabu? Zipo. Uchunguzi mkubwa uliofanywa mwaka 2009, Bara na Visiwani, na kutangazwa mwaka 2011, mwaka ule ule wa sheria yetu, ulionyesha ya kuwa katika Tanzania karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walipata kudhulumiwa kwa njia za kijinsia kabla ya kutimia miaka 18. Sikilizeni vizuri neno "mvulana", kwani yuko baba aliyekaa hapa akidhani ya kuwa khatari hii ni ya mabinti peke yao. Na katika hao wasichana waliodhulumiwa, ni kama nusu tu waliowahi kumwambia mtu yeyote, na wavulana ni wachache zaidi ya hapo. Hao wengine walinyamaza. Sheria gani itamfikia aliyenyamaza?

Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali nayo imekuwa ikitoa hesabu za udhalilishaji zilizoripotiwa, na walio wengi katika waliodhulumiwa ni watoto. Mwaka 2022 matukio yaliyoripotiwa yalikaribia 1,400. Mwaka 2023 yakakaribia 2,000. Wako wenzetu waliotaka tuishike hesabu hiyo tuipige Serikali nayo kichwani. Hatukukubali. Hesabu ikipanda, pengine maovu yamezidi, na pengine vinywa vimefunguka. Na mwenye akili hawezi kumlaumu mtu kwa kuwa watu wameanza kusema. Tunachokiuliza sisi ni kimoja: katika hao waliosema, wangapi walifika mwisho wa njia?

Serikali ilijibu kwa ukali. Sheria za jinai za mwaka 2018 zilikaza adhabu. Mwaka 2021 ilianzishwa mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji, na mambo yakaenda kwa kasi kuliko kwanza. Tumeyaunga mkono yote mawili. Lakini twataka kusema jambo ambalo halipendezi kusemwa mikutanoni, kwa kuwa mkutano hupenda kusikia miaka ya kifungo ikitajwa kwa sauti kubwa. Adhabu kubwa peke yake haimsaidii mtoto wa mlango wa kwanza. Pengine humwongezea mzigo. Bibi aliyekuwa akisema, "Utaivunja ukoo," sasa ana hoja nzito zaidi: "Mjomba wako atafia jela, na wanawe nani atawalisha?" Mtoto wa miaka 11 hutwikwa kifungo cha mtu mzima begani mwake, kama kwamba ni yeye aliyekiandika. Kinachomtisha mwovu ni yakini ya kukamatwa, hata kama kifungo ni kifupi. Kifungo cha miaka 30 ambacho hakifiki hakimtishi mtu.

Sheria njema huhitaji jamaa zake wakubaliane nayo. Mwaka 1985 visiwa hivi vilitunga sheria iliyompeleka jela msichana aliyepata mimba bila ya ndoa. Naam, jela, yeye na tumbo lake, wakati mwanamume mara nyingi alipita pembeni kwa kuwa hapakuwa na ushahidi juu yake, na ushahidi juu ya msichana ulionekana na kila mtu. Iliitwa sheria ya kuwalinda. Miaka 20 ilipita hata ilipofika mwaka 2005 ndipo ikafutwa na kuwekwa nyingine, kifungo kikaondoka, na mlango wa kurudi skuli ukaanza kufunguliwa kwa mama mtoto. Twataja habari hii kwa sababu sheria ile ilipita mikononi mwa watu wenye nia njema. Walitaka kulinda heshima ya nyumba zetu, wakailinda kwa mwili wa mtoto.

Iko habari ya ndoa, na hapa twawaomba masheikh wetu watusikilize mpaka mwisho kabla hawajatujibu. Bara wana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kwetu haitumiki. Iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa idhini ya korti. Bibi Rebeca Gyumi aliipeleka Serikali mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubali na kuipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ule ulikwisha bila ya sheria kuguswa. Haya ni ya Bara. Lakini sisi tusicheke, kwani wao walikuwa na kifungu kibaya cha kukishitaki, na Sheria yetu ya Mtoto ya 2011 haikuandika umri wa kuoa wala kuolewa. Ilisema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, kisha juu ya ndoa ikanyamaza.

Ulinzi tuliokuwa nao uko katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1982, ambayo hukataza mwanafunzi kuozwa. Ni ulinzi, hatukatai. Lakini tazameni akili ya mtu anayetaka kumwoza bintiye: humtoa skuli kwanza. Akisha kutoka si mwanafunzi tena, na ngao imeanguka. Basi sheria iliyokusudiwa kumbakisha skuli, kwa mzazi mwenye haraka huwa ni sababu ya kumtoa mapema. Hii ndiyo kazi ya tundu moja katika nyavu: samaki wote hujua lilipo.

Nasi hatusemi ya kuwa jambo la ndoa litolewe mikononi mwa kadhi. Twasema kadhi asaidiwe kwa nambari. Oman, nchi ambayo nusu yetu tuna jamaa huko, katika sheria yake ya hali ya mtu binafsi ya mwaka 1997 iliweka miaka 18. Morocco ikaweka 18 mwaka 2004, na kumwachia kadhi idhini ya dharura. Hizi ni nchi za Kiislamu zenye wanazuoni wake, na hapana aliyesema zimetoka katika dini. Iwapo Muscat waliweza kuandika, Vuga pana kizuizi gani?

Juu ya bakora tutasema machache, ingawa twajua ndiyo yatakayozungumzwa zaidi mkitoka hapa. Sheria ya 2011 ilikataza ukatili juu ya mtoto, lakini ikamwachia mzazi kumtia adabu mtoto kwa njia isiyomdhuru mwili wala akili. Maneno hayo ni mapana kama mlango wa ghala. Kila apigaye husema hakudhuru. Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza hata mzazi kumpiga mtoto, mwaka 1979. Sheria yao haikuweka kifungo kipya cha jela. Serikali iliieneza nyumba kwa nyumba, hata ikaichapa juu ya pakiti za maziwa, ili familia ikikaa kula asubuhi maneno yawe mezani. Hatuwaambii leo muige Sweden. Twawauliza: Sheria yetu ya Mtoto, yenye nishani ya dhahabu, ni nyumba ngapi katika shehia hii zilizoiona nakala yake? Hapa barzani leo, aliyewahi kuishika mkononi anyanyue mkono. (Watu watatu walinyanyua mikono, mmoja wao ni mwalimu wa skuli.)

Na wako watoto ambao hatujawataja, nao tusiwasahau kwa sababu masaibu yao hayana aibu ya kufichwa: wanaogonga kokoto, wavulana wanaofuata wavuvi dago na kuikosa skuli miezi kwa miezi, watoto wa mke aliyeachwa, ambao baba yao yu hai, anavaa vizuri, ana mke mwengine, na matunzo yao ni "njoo kesho". Huyu wa mwisho sheria imempa njia, kwa kadhi na kwa Mahakama ya Watoto pia. Lakini mama anayekwenda kudai matunzo mara kumi hupoteza kwa nauli zaidi ya anachokipata. Twaona hapa ndipo sera inapotakiwa kuisaidia sheria: amri ya matunzo ikisha kutolewa, kama baba ni mtumishi wa Serikali fedha zikatwe katika mshahara, asiachiwe mama kazi ya kufukuzana naye sokoni.

Kwani sera ni nini, mabwana? Sheria husema, "Lifanywe." Sera husema nani alifanye, lini, na kwa fedha za nani. Ulikuwako Mpango Kazi wa Zanzibar wa kupambana na ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wa mwaka 2017 mpaka 2022. Uliandikwa vizuri. Lakini mipango yetu ya namna hii imekuwa ikiegemea sana mifuko ya wafadhili, na mfadhili ni mgeni. Akiondoka huondoka na mkeka wake. Ofisa ustawi wa jamii ndiye mtu ambaye sheria imemtwika karibu kila kitu: achunguze nyumba, aandike ripoti ya korti, amsindikize mtoto, amtafutie pa kulala akiwa nyumbani kwao hapalaliki. Mtafuteni katika wilaya yenu. Mkimpata, mwulizeni ana chombo gani cha kumfikisha kijijini, na petroli yake hutoka wapi.

Twamaliza kwa yale tuliyokubaliana katika kamati yetu, ili kila mwanachama ayajue na ayapinge kama ana la kupinga.

Twataka iandikwe katika sheria, kwa maneno yasiyo na tundu, ya kuwa sheha, mzee wa mtaa au mtu mwengine yeyote anayesimamia suluhu ya kosa la kijinsia juu ya mtoto ametenda kosa yeye mwenyewe. Twataka umri wa ndoa uandikwe. Twataka nauli ya mtoto na mlezi wake, ya kwenda hospitali na kortini, itoke katika fungu la mahakama na ilipwe siku ile ile. Na twataka korti iende kwa mtoto pale ambapo mtoto hawezi kuja kortini. Hakimu kupanda mashua si kuvunjika heshima.

Wawakilishi wetu wamekwisha kupewa maswali matatu ya kuulizwa katika kikao cha bajeti: ni maofisa ustawi wangapi walioajiriwa katika kila wilaya, ni kesi ngapi za watoto zilizofutwa kwa kukosa mashahidi, wilaya kwa wilaya, na ni kiasi gani cha fedha za Serikali yenyewe, si za wafadhili, kilichotolewa, tusiambiwe kilichopangwa. Yakijibiwa tutayachapa majibu katika karatasi hii neno kwa neno, na yasipojibiwa tutayachapa maswali peke yake, toleo baada ya toleo, na nafasi ya jibu tutaiacha tupu.

Aidha kamati ya akina mama imechagua watu wawili katika kila tawi, ambao kazi yao ni moja: mama akiwa na jambo kama hili, waende naye. Wasisuluhishe, wasiulize ni mtu wa chama gani, na wasitangaze. Waende naye polisi, wakae naye hospitali, na siku ya kesi wawe naye kortini mpaka aitwe. Wanaotaka kuandikisha majina wamwone katibu wa tawi baada ya sala ya alasiri.